Barua Iende, Jibu Lirudi: Mwongozo Kamili wa Mawasiliano kati ya Halmashauri na Kamati za Kujitolea, Dar es Salaam

Nilikuwa katibu wa kamati ya maafa ya mtaa mmoja wa bondeni kwa miaka minne. Katika miaka hiyo tuliandika barua tisa kwenda juu. Saba hazikujibiwa. Kijiweni tulikuwa na jibu letu tayari: barua zimetupwa kapuni. Siku moja nikaenda mwenyewe kuulizia. Mama wa masijala, mpole kuliko nilivyotarajia, akafungua daftari lake kubwa, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. Barua zote zilikuwemo. Zimeandikishwa, zimegongwa mhuri, zimepelekwa idarani na tarehe zake. Hakuna hata moja iliyopotea. Zilifika zote, ila hakuna mtu aliyekuwa ameambiwa kwamba kujibu ni kazi yake.

Tangu siku hiyo nimeacha kusema halmashauri haisikii. Inasikia. Njia iliyobomoka ni ya kurudi, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi hapa. Mwongozo huu ni wa pande mbili: wenyeviti na makatibu wa kamati za kujitolea, na maafisa wanaopokea ushauri wao. Mifano yangu ni ya maji na mifereji kwa sababu ndiko nilikolowa, lakini hatua ni zilezile kwa kamati ya shule, ya kituo cha afya au ya watu wenye ulemavu.

Hatua ya kwanza: jueni ninyi ni kamati ya aina gani

Ukisema "kamati" Dar es Salaam umesema mambo mengi kwa neno moja. Zipo zilizosimama kwenye sheria: kamati za watu wenye ulemavu zinatokana na Sheria Na. 9 ya 2010, na kamati za usimamizi wa maafa zina Sheria Na. 6 ya 2022. Zipo bodi ya afya ya halmashauri, kamati za vituo vya afya na kamati za shule. Zipo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoletwa na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Halafu zipo zilizozaliwa tu kwenye mkutano wa wakazi, jua likiwa kali, mtu akasema "tuunde kamati" na watu wakapiga makofi: kamati ya usafi, ya ulinzi shirikishi, ya mto.

Wajumbe wa zote hizi wanajitolea, lakini hazina uzito sawa mezani. Kamati yenye sheria nyuma yake iitaje sheria hiyo kwenye kila barua. Kamati ya mkutano wa wakazi iambatishe muhtasari wa mkutano ulioiunda, wenye saini ya mwenyekiti wa mtaa na mhuri. Bila karatasi hiyo, afisa yeyote ana haki ya kukuuliza, "Ninyi ni akina nani?"

Kisha andikeni hadidu za rejea. Ukurasa mmoja unatosha: mnashauri kuhusu nini, mnamshauri nani, mnakutana lini, wajumbe ni wangapi, muda wao unaisha lini. Na mstari mmoja niliowahi kuona watu wakiupigania saa nzima: kamati hii inashauri, haiamui. Mstari huo unauma, lakini uandikeni. Kamati isiyoujua huvunjika moyo mara ya kwanza ushauri wake ukikataliwa, na diwani asiyeuona huanza kuitazama kamati kama mpinzani wake.

Kwa upande wa halmashauri, deni ni moja: taja mapema ni maamuzi gani mtayapitisha kwa kamati kabla ya kuyafunga. Kuita wajumbe kuwaonyesha mchoro ambao mkandarasi wake ameshasaini mkataba si kuomba ushauri. Hiyo ni taarifa, iiteni taarifa.

Hatua ya pili: bisheni hodi mlango wenye mwenyewe

Barua yetu ya kwanza kabisa ilihusu karavati. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na mchanga, chupa za plastiki na godoro la spongi. Mvua ikinyesha robo saa tu, maji yalikuwa yanarudi nyuma kuingia kwa mama ntilie aliyekuwa pembeni. Tukaandika kwa mkurugenzi, barua ndefu ya uchungu. Miezi mitatu kimya. Baadaye fundi mmoja akatuambia kwa kupita tu: barabara hiyo si ya halmashauri. Barua tuliipeleka kwa jirani.

Jiji hili lina milango mingi, nayo inabadilika. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki kila moja na mkurugenzi wake, meya wake na madiwani wake. Mkazi wa Mburahati anayeandika "kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam" amepeleka kero ya Ubungo Ilala.

Ndani ya eneo moja pia kazi zimegawanyika. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini na mifereji yake ziko chini ya TARURA, na barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Maji ya bomba na majitaka ni DAWASA. Mto wenyewe na kingo zake una Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Taka ngumu, masoko, zahanati na shule za msingi ni halmashauri. Kwa hiyo kabla hamjaandika, mmoja wenu aende kwa afisa mtendaji wa mtaa aulize swali moja: hiki ni cha nani? Likiwa la taasisi nyingine, barua iende huko na nakala ibaki halmashauri, kwa sababu mafuriko hayasomi mipaka ya idara.

Ngazi zisirukwe hovyo. Njia ya kawaida ni mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, kisha menejimenti ya halmashauri yenye wakuu wa idara, kisha kamati ya kudumu ya madiwani inayohusika, mwishoni Baraza la Madiwani. Ushauri uliopita kwenye kata una diwani wa kuusimamia huko juu, kwa sababu ameshausikia na kuujadili. Uliorukia kwa mkurugenzi hauna mtu wa kuutetea siku ukitajwa.

Hatua ya tatu: kalenda, kalenda, kalenda

Kama ungekuwa na muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii.

Masika yetu ni Machi hadi Mei. Mtaa ukifurika Aprili, kamati inaandika Aprili, magodoro yakiwa bado yameanikwa juu ya mabati. Ni haki yao. Ila tazama hesabu. Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Bajeti ya Julai hii inayokuja ilishapita kwenye Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka. Aprili iko mikononi mwa TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri, na Bunge limeshaanza kikao chake cha bajeti. Barua yako ya Aprili imechelewa basi hilo. Basi linalofuata linaanza kupakia abiria Oktoba na Novemba, linapitishwa mwanzoni mwa mwaka, na pesa zake zinaanza kutumika Julai. Yaani kwa barua ya Aprili, fedha ya mapema kabisa iko miezi 15 mbele, na hapo katikati mtaa utakuwa umepigwa na masika nyingine.

Hakuna hila hapo. Hakuna aliyewanyima. Mmefika stendi gari limeondoka.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Aprili na Mei msiandike maombi ya fedha, kusanyeni ushahidi: picha zenye tarehe, idadi ya nyumba, alama ya maji ukutani iliyopimwa kwa futi ya fundi. Juni mkae kikao kimoja mchambue. Julai na Agosti ushauri uingie Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo hukaa kila robo ya mwaka. Septemba hadi Novemba, mitaa inapoibua vipaumbele kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wajumbe wenu wawepo ukumbini na karatasi mkononi, si mdomoni tu. Desemba muulize afisa mipango kama kitu chenu kimo kwenye rasimu. Kama hakimo, bado kuna wiki chache za kumwona diwani kabla rasimu haijafika barazani.

Yale yasiyohitaji bajeti mpya, kama kuzibua mfereji kwa nguvu za wakazi na gari la halmashauri, yana kalenda yake: barua iwahi vuli, maana vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayoonyesha mahali masika itakapopiga.

Halmashauri nayo ina kazi ndogo isiyogharimu chochote. Itoe ukurasa mmoja kila Julai: tarehe za vikao vya kamati za kudumu, tarehe za baraza ambalo hukutana kila miezi mitatu, na siku ya mwisho ya kupokea ushauri kwa kila kikao. Ubandikwe mbao za matangazo za kata na mitaa yote. Tarehe zikibadilika, zibandikwe upya. Nimeona ofisi ambako kalenda hiyo ipo, imefungiwa kabatini kama hati ya nyumba.

Hatua ya nne: andikeni ushauri unaojibika

Barua nyingi za kamati ni vilio. Zinaanza na shukrani kwa Mwenyezi Mungu, zinapita kwenye historia ya mtaa, zinafika kwenye "hivyo tunaiomba serikali itusaidie". Itusaidie nini? Afisa hana cha kujibu, basi anaandika pembeni "ionwe" na kuisukuma mbele.

Barua inayojibika ina vitu vinne: mahali panapoweza kutembelewa, hesabu mliyoifanya wenyewe, ombi moja, na tarehe ya kujibiwa. Huu ni mfano:

Kumb. Na. KM/MAAFA/05
6 Oktoba
Mkurugenzi, Halmashauri ya …
K.K. Afisa Mtendaji wa Kata
K.K. Afisa Mtendaji wa Mtaa

YAH: USHAURI KUHUSU KUZIBUA MFEREJI WA NYUMA YA SOKO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mfereji wa nyuma ya soko, wenye urefu wa mita 140 kwa kipimo chetu cha kamba, umejaa mchanga hadi nusu ya kina chake. Masika iliyopita maji yaliingia nyumba 23 za upande wa chini. Orodha na picha zimeambatishwa.

Tunashauri uzibuliwe kabla ya mwisho wa Februari, na mchanga uondolewe siku hiyohiyo. Wakazi watatoa nguvu kazi siku mbili. Tunaomba gari moja la kubeba mchanga na msimamizi kutoka idara ya mazingira.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya 27 Oktoba, likitaja afisa atakayehusika.

Basi. Haizidi ukurasa. Chapeni nakala mbili, moja ibaki masijala, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Msikubali kuondoka bila mhuri huo hata kama aliyepokea ni jamaa yenu. Hasa kama ni jamaa yenu.

Hatua ya tano: jibu liwe na mwenyewe

Hapa nageukia halmashauri. Teueni afisa kiungo mmoja kwa kila kamati, kwa jina na kwa barua, na mwingine wa kukaimu akiwa safarini. Si "idara itawasiliana nanyi". Idara haina simu, mtu ndiye mwenye simu. Maafisa maendeleo ya jamii wanaifaa kazi hii kwa sababu wamezoea kukaa na watu, ila lazima wapewe nafasi ya kusema kwenye menejimenti, la sivyo watakuwa tarishi wenye digrii.

Halafu kubalianeni majibu yanayokubalika. Mimi naona yapo manne: tumekubali, na itafanyika tarehe fulani; tumekubali nusu, na nusu yenyewe ni hii; tumekataa, kwa sababu hii; si letu, tumelipeleka kwa fulani na nakala ya barua hii hapa. Nje ya hayo kuna yale maneno yetu ya siku zote, "linafanyiwa kazi", "lipo kwenye mchakato", "tumelipokea kwa uzito wake". Yasiandikwe kamwe bila jina la anayelifanyia kazi na tarehe atakayorudi.

Maafisa huogopa jibu la tatu, kukataa. Wanadhani wajumbe watakasirika, kwa hiyo wananyamaza. Kwa miaka minne niliyokaa na watu wa bondeni sikuwahi kuona mjumbe aliyeacha kamati kwa sababu ushauri wake ulikataliwa kwa maelezo. Walioacha, na walikuwa wengi, waliacha kwa kimya. Jibu moja la kutukatalia lilisema wazi kwamba ukuta tulioutaka ungesukuma maji kwa wenzetu wa ng'ambo. Mzee wetu mmoja aliyelisoma kwa sauti kikaoni alikaa kidogo, akasema, "Hawa wametusoma." Kikao kilichofuata akidi ilitimia kabla ya saa.

Siku 14 za kutoa jibu la kwanza zinatosha, hata kama jibu ni "afisa huyu atakuja kukagua Jumanne".

Hatua ya sita: kikao kinachostahili nauli ya mtu

Ajenda zetu zina kipengele kizuri ambacho hatukitumii ipasavyo: yatokanayo na kikao kilichopita. Huwa kinapitwa mbio, "yatokanayo yapo? Hayapo. Tuendelee." Kifanyeni ndiyo moyo wa kikao. Katibu awe na jedwali la safu tano: ushauri, tarehe ulipopokelewa, afisa anayehusika, jibu, kilichofanyika uwanjani. Lisomwe mstari kwa mstari. Safu iliyo wazi isomwe wazi: "Ushauri namba nne, haujajibiwa, siku ya 61." Afisa kiungo akiwa amekaa hapo, namba hiyo inatosha, hakuna haja ya hotuba.

Saa ya kikao inaamua nani atakuja. Saa nne asubuhi siku ya Jumatano inamfaa mtumishi; dereva wa bodaboda amepoteza asubuhi yake yote, mama lishe ameacha sufuria jikoni. Wengi wetu tulipatana na Jumamosi saa kumi alasiri. Na kama kikao ni makao makuu ya halmashauri, mtu anatoka Chanika au Pugu na foleni zake. Nauli irudishwe siku hiyohiyo. Najua neno posho linachoma pande zote. Semeni ukweli mapema: kuna nauli na maji ya kunywa, posho hakuna, au ipo ya kiasi gani. Kinachovunja kamati ni mjumbe kugundua kwenye kikao cha pili kwamba wataalam wa meza kuu walisaini fomu na yeye hakusaini.

Na nyaraka ziwe kwa Kiswahili, siku saba kabla. Slaidi za Kiingereza zenye maandishi ya size ya sisimizi si ushirikishwaji.

Hatua ya saba: WhatsApp kwa kiasi chake

Kundi la WhatsApp ni zuri kwa wito wa kikao, picha ya mfereji ulioziba asubuhi hii, na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambazo afisa kiungo azitume mara tu zinapotoka na mjumbe aliyezisoma ajibu "imefika". Kwa wazee na wenye macho dhaifu, tumeni sauti. Mjumbe mwenye simu ya kitochi apigiwe. Apewe jirani mmoja wa kumpa habari.

Uamuzi usifanyike humo. Ushauri ulioandikwa saa tano usiku katikati ya stika za "Ijumaa Karim" hauna kumbukumbu namba, na afisa hawezi kuupeleka menejimenti. Namba za simu za wakazi na picha za watoto waliofurikiwa zisisambazwe kwenye makundi mengine. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Hatua ya nane: msishtukizane

Kamati isiende redioni na jambo ambalo halijaandikwa. Halmashauri isitangaze mbele ya kamera jambo la bonde ambalo kamati ya bonde italisikia kwa mara ya kwanza kwenye taarifa ya habari. Kila upande umpe mwenzake siku mbili. Baada ya hapo kila mtu aseme yake, hata kwa kupingana.

Na wakazi wapewe mrejesho na wajumbe wenyewe, kwenye mkutano wa mtaa na kwa karatasi moja ubaoni, majibu mabaya yakiwemo. Mjumbe anayeleta habari njema tu ataitwa chawa ndani ya mwezi.

Hatua ya tisa: kimya kikizidi

Siku ya 15, katibu ampigie afisa kiungo. Siku ya 30, barua ya ukumbusho ikitaja kumbukumbu namba ya ile ya kwanza, nakala kwa diwani. Ikipita robo, diwani aulize kwenye kamati ya kudumu au barazani. Vikao vya baraza ni vya wazi. Wajumbe wawili watatu wakae nyuma wasikilize, bila mabango.

Mkitaka nyaraka, kwa mfano mpango wa usafi au gharama za mfereji uliojengwa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kupewa majibu ndani ya siku 30. Itumieni kwa adabu na mwishoni. Afisa anayepokea barua yenye kifungu cha sheria kabla hata hajaombwa kwa mdomo atajibu kwa mkono wa mwanasheria.

Hatua ya kumi: makabidhiano

Novemba 2024 tulichagua wenyeviti wa mitaa, na mitaa mingi ilipata sura mpya. Oktoba 2025 madiwani. Katikati ya hapo watendaji wanahamishwa, Jumatatu unamkuta mwingine kwenye kiti kilekile. Kila badiliko kama hilo linaweza kuirudisha kamati mwanzo, kwa sababu kumbukumbu zilikuwa kichwani mwa mtu aliyeondoka.

Faili la kamati likae ofisi ya mtaa. Kivuli chake kiwe kwa katibu, na picha zake kwenye simu mbili tofauti. Mtendaji mpya akifika, msingoje awaite. Wiki ya kwanza mwenyekiti na katibu waende kumsalimia na karatasi tatu: hadidu za rejea, jedwali la yatokanayo, na ushauri mmoja ulio karibu zaidi kukamilika. Ule mmoja ulio karibu umwachie yeye aukamilishe.